Mailo, Neno Lililoninyang'anya Feza

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mitano, mjane, na ninauza samaki wakavu hapa Nchelenge, mji wa kando ya ziwa. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Nilivuka na binti yangu Feza miaka ya tisini ilipokuwa ikiishia, vita vilipotufukuza. Kibemba, lugha ya huku, sikukijua. Feza alikishika upesi kwa kucheza na watoto wa majirani, akawa ndiye mdomo wangu. Sokoni alinisemea, kisimani alinisemea, na nikikosea alinicheka hadi akashika tumbo!

Mimi nilijua maneno ya biashara tu. Samaki wakiisha, wateja waliniambia "mailo", nami nilielewa kwamba watarudi kesho. Hakuna aliyeniambia kuwa kwa Kibemba neno hilohilo ni kesho na pia ni jana. Ningejuaje?

Tulikuwa kisiwani Chisenga kununua samaki Feza aliposhikwa na homa kali. Asubuhi nilimpandisha mashua, nikamleta kwenye zahanati moja ya mtu binafsi huku mjini. Mganga wake tulimwita Dokta. Alikuwa mtu wa haraka, na hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumwambia lolote. Pembeni, penye mizani ya kupimia watoto, alikaa mhudumu wake, Bana Mutale, yaani mama Mutale. Yeye alikuwa rafiki yangu. Zamani aliuza samaki na sisi Wakongo, Kiswahili chetu anakijua vizuri. Nilipomwona, moyo wangu ulitulia.

Dokta aliniuliza mwenyewe kwa Kibemba. Siku hiyo mdomo wangu ulikuwa umelala mapajani mwangu, unawaka moto... Nilishika maneno mawili tu, sindano na mailo. Nikadhani ananiuliza kama naweza kumrudisha mtoto kesho achomwe sindano. Nikaitikia kwa furaha, ee, mailo, ee! Kumbe aliniuliza kama mtoto alikwisha kuchomwa sindano ya kwinini jana, kule kisiwani. Akaridhika. Akanipa vidonge, akaita mgonjwa mwingine.

Nikipita mlangoni nilimwambia Bana Mutale kwa Kiswahili, basi tutaonana kesho kwa ile sindano. Aliinama, akaanza kufuta mizani. Mizani ilikuwa safi.

Vidonge Feza alivitapika vyote. Mimi nilijipa moyo, kesho si mbali, mwanangu, kesho utachomwa. Kulipokucha nilimfunga mgongoni nikatoka mbio. Hatujafika, akaanza kukakamaa, macho yamegeuka... Nilipiga kelele barabarani kama mwendawazimu!

Hospitali kubwa walimpokea, wakamchoma, wakamtundikia maji. Homa ilishuka. Lakini Feza hakurudi. Alifungua macho, akatazama ukuta. Hasemi. Hatembei. Nikimwita jina haitiki. Watu waliniambia nimshukuru Mungu, yuko hai. Nilimshukuru huku nalia, wasomaji, kwa sababu mtoto niliyevuka naye ziwa sikumwona tena.

Miezi ikapita. Siku moja wakaja wageni kutoka Mansa, mji mkuu wa mkoa, wakizunguka kwenye zahanati kupima kama wagonjwa wako salama mikononi mwa wahudumu. Waliwauliza wafanyakazi kama mtu akiona kosa anaweza kumwambia mkubwa wake bila hofu. Dokta alikuwa ameketi palepale. Wote walijibu ndiyo, tunasema, tuko huru kabisa. Bana Mutale naye, kama alivyonieleza baadaye, alijibu hivyo.

Mchana huo alikuja kwenye meza yangu ya samaki.

"Mama Feza, mi nilisikia. Siku ile nilijua unasema kesho, haiko jana. Lakini Dokta hapendaka mutu amukosoe mbele ya bagonjwa."

 Alijua! Rafiki yangu alijua, akafuta mizani! Nilitaka kumrukia. Badala yake nilimwomba jambo moja tu, twende wote kwa wageni kabla hawajaondoka, nieleze kwa Kiswahili, yeye atafsiri. Niliwaza kuwa wakijua, mtoto wa mwingine atapona. Alilia, akakubali.

Nilikwenda na Feza mgongoni. Nilieleza yote, Chisenga, sindano, mailo, mizani. Nilizungumza kwa muda mrefu hadi sauti ikakauka. Dokta alisimama mlangoni, mikono kifuani. Bana Mutale alimtazama, kisha akawageukia wageni, akasema maneno machache sana.

Wageni walitabasamu! Mama mmoja wao akaandika jina langu, akanishika mkono, akampa Feza peremende. Peremende ikaanguka chini, maana mwanangu hajui tena kufumba kiganja. Hapo nikaelewa kwamba sikutafsiriwa.

Nilimfuata Bana Mutale hadi nyuma ya zahanati, nikamuuliza amewaambia nini. Hakuniangalia.

"Nilibaambia unashukuru. Nisamehe, mama Feza. Niko na batoto, na kazi njo hii tu."

Ana watoto! Na huyu mgongoni mwangu alikuwa nani?

Wageni wakarudi Mansa na shukrani zangu za uongo. Tangu hapo nimejilazimisha kujifunza Kibemba, nimechelewa mno. Nakusihi, msomaji, usiitikie neno la mganga usilolielewa. Kataa kuondoka hadi ulisikie kwa lugha yako. Nawe unayefanya kazi pale, ukisikia kosa, sema, hata mkubwa akununie. Kununiwa kutapita, lakini Feza nambeba kila siku.

Jioni nikimwogesha humwambia kwa Kibemba nilichojifunza kwamba mailo tutakwenda ziwani. Zamani angenicheka matamshi. Namsubiri acheke... Anatazama ukuta, nami namfuta maji, namvalisha, namlaza.