Alama za Vyombo vya Jirani

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Mwanga, Rahabu alifagia uwanja na Merina aliosha vyombo. Mpango huo aliuweka mama yake Rahabu tangu Merina alipokuja kutoka kijijini Kagunga kusoma darasa la sita mjini. Merina alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Rahabu. Wasichana hao walilala kitanda kimoja na kwenda shule pamoja, na miezi ya kwanza hukuweza kumwona mmoja bila mwenzake.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya glasi.

Patrick, kaka yake Rahabu, alikuwa karibu kupata kipaimara, na mama alinunua glasi mpya sokoni kwa ajili ya wageni. Kila glasi ilikuwa na stika ya dukani ubavuni. Rahabu aliikwangua moja kwa kucha. Karatasi ikatoka vipande vipande, gundi ikabaki, vumbi likanasa juu yake, na glasi ikawa chafu kuliko ilivyotoka dukani. Merina aliichukua glasi ile. Alikwenda jikoni akarudi na mawese kidogo kwenye kifuniko. Alipaka juu ya stika, akaiacha mpaka karatasi ikalowa mafuta, kisha akaisugua kwa kitambaa chenye jivu laini na kuiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Hapakubaki hata dalili kwamba glasi ile iliwahi kuwa na stika.

Mama aliinua glasi kwenye mwanga akatabasamu. Tangu hapo alimsifu Merina kwa majirani, kwa katekista, hata kwa muuza mkaa ambaye wala hakuuliza.

Rahabu aliona gere. Aliona gere asubuhi akifagia, aliona gere akila ugali, na kila sifa aliyopewa Merina aliiona kama imemegwa kwenye fungu lake. Nyumba ni ya kwao, mama ni wake, halafu anayesifiwa ni mgeni wa juzi tu! Alipoambiwa ajifunze kwa mwenzake, alijibu kwamba mawese ni ya kupikia.

Sherehe ilifana. Kama ilivyo desturi ya mtaa, vyombo vya nyumba moja havikutosha, hivyo mama aliazima chupa za chai na mabakuli kwa majirani watatu: Mama Shadia, Mama Thobias na Bibi Honorata. Wote watatu walikuwa wamenunua kwa mfanyabiashara mmoja, na vyombo vyao vilifanana kwa rangi na kwa maua. Kwa hiyo kila mwenye chombo alibandika kipande cha plasta kwenye kitako chake. Plasta za Mama Shadia zilikatwa pembe tatu. Mama Thobias alibandika vipande viwili vyembamba, na Bibi Honorata alikata duara.

Kesho yake mchana, mama alitoka kuwasindikiza wageni waliokuwa wanarudi Kidahwe, na Merina akatumwa sokoni kununua sabuni. Rahabu alibaki na vyombo vya watu, vimeoshwa, vinangoja wenyewe waje kuvichukua asubuhi. Alikigeuza kimoja. Plasta yake ilikuwa imeshika masizi na kukunjamana pembeni. Hapo wazo likamjia: iwapo Merina alisifiwa kwa glasi, yeye atasifiwa kwa vyombo vya mtaa mzima.

Alijua kabisa kwamba zile ni alama. Lakini wivu una akili zake. Ulimwambia kwamba mama anavijua vyombo vya rafiki zake kwa macho, na akauamini. Alichukua kisu na maji ya moto, akabandua plasta moja baada ya nyingine kwa pupa, akizitupa motoni. Mawese hakuyagusa. Hakutaka kuonekana ameiga. Alianza kukwangua gundi ya chupa ya kwanza mpaka ikaisha, lakini kabla hajaigusa ya pili alisikia mlango wa uani. Akavipanga vyombo haraka kichanjani, vitako chini.

Asubuhi wenye vyombo walifika. Mama Shadia alishika chupa, akaigeuza, akaigeuza tena. Mama Thobias akageuza yake. Bibi Honorata, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alipapasa kitako kwa kidole kisha akaguna. Hapakuwa na alama hata moja.

Mara kila mmoja akadai chupa iliyo mpya zaidi. Mama Shadia alisema yake ilikuwa haijatimiza hata mwezi. Mama Thobias akasema huo ndio utani asioupenda, na kwamba kuanzia siku hiyo chombo chake hakitavuka kizingiti cha mtu. Mama yake Rahabu alisimama katikati, aibu imemjaa usoni. Kwa miaka mingi wanawake wale waliazimana kila kitu, kuanzia chumvi hadi turubai la msiba.

"Merina," aliita. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Si mimi, mama mdogo," Merina alijibu kwa sauti ya chini.

"Ni nani mwingine humu anayejua kutoa stika? Nimekusifu, sasa umevimba kichwa. Nitampigia mama yako. Jumamosi utapanda boti urudi Kagunga."

Rahabu alisikia. Kwa muda mfupi, na ni vigumu kulisema hili, alifurahi. Alijiona peke yake kitandani, peke yake mbele ya mama. Kisha akamwona Merina akiinama kuokota ndoo ili aendelee na kazi yake, kama mtu ambaye tayari ameshaagwa. Hakuwa amemnyooshea mtu kidole. Furaha ya Rahabu ikamtoka, akajitokeza mbele ya wote.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilizibandua mimi. Nilitaka unisifu kama unavyomsifu yeye. Nilimwonea wivu."

Mama alimtazama binti yake, kisha akamtazama Merina, na hakujua aanze na yupi. Alianza na Merina. Alimshika bega akamwomba radhi mbele ya wote.

Merina aliitikia kwa kichwa. Halafu akachukua bakuli, akagusa kitako chake kwa kidole, na kidole kikanata.

"Rahabu, gundi hukuitoa?"

"Sikuwahi."

"Basi lete unga wa muhogo."

Rahabu alikimbia akaleta. Merina alinyunyiza unga kwenye kitako, akaupapasa kidogo, kisha akaupuliza. Unga wote uliruka, isipokuwa ule ulionaswa na gundi. Pale palikuwa na pembe tatu nyeupe, wazi kabisa.

"Ego, naam, hiyo ni ya Mama Shadia," alisema Bibi Honorata baada ya kulisogeza bakuli karibu na macho, na Mama Shadia akacheka bila kutaka.

Waliendelea hivyo, chombo kwa chombo, na vipande viwili vikatokea, na duara. Ni chupa moja tu iliyokataa kusema, ile ambayo Rahabu aliikwangua mpaka ikaisha gundi. Kwa kuwa hesabu ya Bibi Honorata ndiyo iliyopungua, waliona kuwa ni yake. Lakini kisu kilikuwa kimeichuna rangi kitakoni, kwa hiyo mama akampa bibi chupa yake mwenyewe, mpya, na ile iliyochunika akabaki nayo.

Adhabu ya Rahabu haikuwa viboko. Aliketi na kifuniko cha mawese na jivu, Merina akimwelekeza, mpaka gundi na unga vikatoka kwenye kila chombo. Kila mara alipotaka kukwangua, Merina alimshika mkono akamwambia angoje mafuta yaingie. Baadaye alikata plasta mpya, pembe tatu, vipande viwili na duara, akapeleka vyombo nyumba kwa nyumba na kuomba msamaha kwenye kila mlango.

Aliporudi jioni, mama alikuwa amewawekea wote wawili uji.

"Leo umesema kweli, na kweli yako imemwokoa ndugu yako," mama alimwambia. "Kosa ulilolikiri ni karatasi, imekwisha kutoka. Wivu wenyewe ni ile gundi. Ukiukwangua kwa hasira utajichuna mwenyewe, kama ulivyoichuna chupa yangu. Ukiona mwenzako anajua kitu, kaa karibu naye akufundishe. Sifa zake hazijapunguza mapenzi yangu kwako hata kidogo. Na mimi pia nimejifunza: nilimhukumu mtoto kabla sijauliza."

Rahabu aliinamisha kichwa. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampa Merina nafasi karibu na mama.

Chupa iliyochunika ipo hadi leo kwenye kabati la nyumba ile. Wageni wakija, Rahabu ndiye huitoa, na akiulizwa nani aliichuna, hujibu kwamba ni yeye.