Halua ya Bi Tima na Ukuta wa Tovuti

Kila jioni baada ya masomo, Zakiya alifungua chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi, kisha akaikagua tovuti ya soko. Wanafunzi wa shule yao pale Malindi ndio walioitunza, na akina mama wa mtaa wa Shela waliweka humo matangazo ya bidhaa zao. Wiki hiyo zamu ilikuwa yake, naye alitembea kifua mbele kama askari aliyepandishwa cheo.

Siku hiyo alikuja Bi Tima, mpishi wa halua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tangazo langu lakataa kuingia. Idi ni keshokutwa, na halua nishaipika yote. Isiponunuliwa, hasara ni yangu peke yangu."

Zakiya alijaribu mwenyewe. Kila mara lilitokea neno jekundu: Umezuiwa. Alijua ni kazi ya ukuta wa kinga, yaani programu inayokagua kila kinachoandikwa kabla hakijaingia. Wako waovu ambao, badala ya tangazo, huandika amri za siri ili kompyuta izitii na kufuta vitu. Kanuni ya kuwatambua ilikuwa mpya, Mwalimu Kanze, mwalimu wao wa kompyuta, alikuwa ameiweka mwanzo wa wiki. Zakiya angeweza kumwuliza, lakini aliona haya. Mlinzi gani asiyejua mlango wake? Akaizima kanuni yote. Tangazo likaingia, na Bi Tima akaondoka akimwombea dua.

Asubuhi soko lilikuwa tupu. Matangazo yote yamefutwa.

"Pengine ni yule bibi wa halua," Kiponda, mwenzake katika chama cha kompyuta, alimwambia Mwalimu Kanze. "Wazee hubonyeza ovyo."

Zakiya alijua ukweli. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Si yeye," alisema. "Mwalimu, mimi niliizima kanuni, ndipo wavamizi wakaingia. Niliona haya kuuliza."

Mwalimu Kanze hakumgombeza. Aliiwasha kanuni, akarudisha matangazo kutoka nakala ya juzi. La Bi Tima halikuwamo.

"Sasa tutafute kilichomkwamisha," alisema. "Liandike upya, kipande kimoja kimoja."

Jina likapita. Halua ya zafarani ikapita. Kibakuli 200/= kikazuiwa.

"Ni bei, Mwalimu! Si ndivyo sote tunavyoandika shilingi?"

"Kumbe! Ile alama ya sawasawa wavamizi huitumia katika amri zao, nami nikaizuia kila mahali. Hapo nilikosea mimi."

Wakairekebisha kanuni ikubali alama hiyo mwishoni mwa bei tu. Bei ikapita. Kisha Mwalimu akaandika amri kama ya mvamizi, ikakataliwa.

Jioni, mkesha wa Idi, Bi Tima alileta kibakuli cha mwisho cha halua; vingine vyote vilikuwa vimenunuliwa. Zakiya alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Kula, mwanangu. Ungenyamaza, lawama ingeniangukia mimi."

Mwalimu Kanze akaongeza, "Mgeni mwema akikwama mlangoni, Zakiya, hatuung'oi mlango. Tunatafuta kinachomzuia. Nawe usipojua, uliza. Kuuliza si ujinga."

Jioni hiyo Zakiya aliuliza maswali mengi, hata Kiponda akaomba waende nyumbani.