Mama Anaogelea

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, Mama Tadea alikuwa ameshaamka. Pale Matiri majirani walizoea kuona moshi wa jiko lake ukitangulia moshi wa nyumba nyingine zote. Alichota maji, akalisha nguruwe, kisha akashika jembe kuelekea mteremkoni kulima ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Msimu wa kahawa ulipofika, alichuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Binti yake wa mwisho, Beata, mwanafunzi wa darasa la sita, hakuwahi kumwona ameketi mikono mitupu. Kama si maharage ya kupukuchua, ilikuwa nguo ya kushona.

Mwaka huo, mavuno ya kahawa yalipokaribia kwisha, mama akaanza kuumwa kichwa kila mara. Beata alimsindikiza zahanati. Muuguzi alimpima, akasema presha imepanda, akampa dawa. Kisha akamuuliza, "Mama, ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini?"

Mama akamgeukia Beata, kana kwamba jibu analo yeye. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nimeshasahau."

Baba, Mzee Edmund, aliposikia hayo hakutaka mjadala. "Likizo hii ya Septemba nenda kwa dada yako Lundo, wewe na Beata. Nguruwe hawatakufa kwa kulishwa na mimi."

Lundo ndiko mama alikozaliwa, kando ya Ziwa Nyasa. Tangu aolewe milimani alirudi huko kwa misiba tu, akazika na kuondoka. Safari hii, asubuhi ya kwanza alikaa ufukweni akitazama maji. Kesho yake aliloweka miguu. Siku iliyofuata alivaa gauni kuukuu, akajifunga kanga kiunoni, akajitosa.

Beata alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Sufuria ikamponyoka. Hakujua kabisa kwamba mama yake anaweza kuogelea! Mama alipiga mbizi, akaibukia mbali kidogo, akalala chali na kuelea. Kisha akacheka. Kicheko kile Beata hakuwahi kukisikia kule Matiri.

Ikawa desturi. Kila asubuhi mama aliogelea mahali salama, mbali na mdomo wa mto ambako mamba hujificha. Akitoka alinunua usipa wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka kwa wavuvi, akawakaanga, akawala wangali moto huku jua likimkausha mgongo. Maumivu ya kichwa yakapungua. Hata sauti yake ikawa nyepesi.

Asubuhi moja Beata alikutana ufukweni na wasichana wawili waliokuja kufua, Safina, binti wa mwenye duka, na rafiki yake Tunu. Walimkaribisha wafue pamoja, wakaanza kupiga soga. Mama naye alikuwa majini, akirusha maji juu na kuimba wimbo wa utotoni.

Tunu akaangua kicheko. "Mtazameni yule mama! Mtu mzima vile anacheza maji kama mtoto wa chekechea. Au amerukwa na akili?"

"Hata sura yake ni ngeni," Safina akasema. "Beata, unamjua?"

Uso wa Beata ulipata moto. "Simjui," akajibu. "Labda ni mpita njia."

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimchuruzika, amekuja kuchukua kanga yake kavu. Aliichukua, akajitanda, akaelekea nyumbani.

Siku iliyofuata mama hakwenda ziwani. Alimwomba dada yake jembe, akapalilia shamba la mihogo mpaka jua la utosi. Kesho yake vilevile. Usiku alifunga kitambaa kichwani, maumivu yalikuwa yamerudi. Beata aliuacha ugali wake. Akamfuata mama jikoni.

"Mama, nisamehe. Nilisema sikujui."

"Nilisikia, Beata."

"Niliona aibu. Walikuwa wanacheka."

Mama alisogeza kuni motoni. "Hata mimi niliona aibu, mwanangu. Nilijiuliza, mtu wa umri wangu anatafuta nini majini?"

Maneno hayo yalimchoma Beata kuliko kama angechapwa. Aliona kwamba kwa neno moja tu alikuwa amemnyang'anya mama yake kitu kilichokuwa kikimponya.

Kulipopambazuka alikwenda dukani kwa kina Safina. Tunu naye alikuwapo. Akawaambia, "Niliwadanganya. Yule mliyemcheka ni mama yangu. Hajarukwa na akili. Anaogelea kwa sababu anapenda."

Tunu aliangalia chini. "Samahani. Sikujua."

Safina ndiye aliyewashangaza. "Mimi nimezaliwa hapa na sijui kuelea," akasema. "Unadhani atakubali kunifundisha?"

Waliongozana wote watatu hadi nyumbani. "Shikamoo, mama," Tunu na Safina walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu." Alipoelezwa walichofuata, mama alimtazama Beata, kisha akaenda kutafuta lile gauni kuukuu.

Asubuhi hiyo Beata alilala juu ya maji, kiganja cha mama kikiwa chini ya mgongo wake, na alipokuja kugundua, kiganja kilikuwa kimeshaondolewa. Alikuwa anaelea! Mama alicheka tena, kicheko kilekile.

Ufukweni, dada yake mama, Mama Mkubwa Serafina, alikuwa akiwakaangia usipa. Wasichana walipotoka majini ili waote moto, aliwaambia, "Nyinyi mnadhani furaha ni ya watoto na kazi ni ya wakubwa. Sivyo. Mtu mzima naye ana moyo. Maji ya asubuhi, samaki wa moto, jua mgongoni, ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyompa nguvu ya kubeba vile vizito. Ukimwona mzazi wako anafurahi, usimwonee haya. Kaa naye ufurahi."

"Nimeelewa, mama mkubwa," Beata alisema.

"Dada!" mama aliita kutoka majini. "Maneno mengi, na wewe mwenyewe hujaingia ziwani tangu lini?"

Mama Mkubwa aliguna. Akaipua sufuria, akamkabidhi Beata mwiko, akakaza kanga yake kifuani, naye akaingia majini.