Mlinzi Namba 104

Saa 2:15 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la vipuri, Kharumwa.

"Gari la dhahabu linapita saa nne," alisema Marwa, mkubwa wa genge. "Nani wamo ndani?"

Aneth alifungua kompyuta. Ngassa, dereva wao, alikuwa amehonga mtu wa kampuni ya ulinzi akapewa mafaili mawili. Moja lilikuwa na namba na majina ya walinzi wote. Jingine, namba za watakaopanda gari leo. Amri moja ya kompyuta ingeyaunganisha kwa namba. Aneth aliingia kazini kwa sharti moja: kaka yake Wiliam, mlinzi wa kampuni ile, asiwemo garini. Akiwemo, kazi imekufa.

Alizipanga namba za leo kama mtu yeyote anavyohesabu: 97, 99, 104. Akabonyeza bila kurudi kuangalia ni ngapi. Yakatoka majina mawili, na chini yake mstari wa onyo: faili halijapangwa.

"Hiyo nini?" Marwa aliuliza.

"Inalalamika tu. Limepangwa, si unaona?"

Maskini Aneth. Amri ile haihesabu. Inasoma namba kama maneno ya kamusi, na kwenye kamusi 104 hutangulia 97, kwa kuwa 1 huja kabla ya 9. Ilipoikuta mwishoni, iliidondosha. Haraka haraka haina baraka, lakini Marwa alikuwa ameshabeba bunduki.

"Wawili," Aneth alisema. "Wiliam hayumo."

Saa 4:05. Kona ya daraja, barabara ya Geita.

Ngassa aliziba njia kwa lori la pamba. Walinzi wawili wakashuka kwenye gari la dhahabu, mikono juu. Hesabu ilitimia. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka wa tatu. Marwa hakuuliza. Alipiga risasi moja.

Aneth alimjua kabla hajafika chini. Akavua kitambaa usoni, akakimbia.

"Aneth?" Damu ilimtoka Wiliam tumboni. "Unafanya nini huku? Mayu anajua uko chuoni."

"Nisamehe, kaka. Nilikutafuta kwenye orodha. Hukuwemo."

"Panda," Ngassa aliita.

"Mwache," Marwa alisema. "Ameshaonyesha sura. Huyo si wetu tena."

Saa 4:20. Lori lilikuwa limekwenda na dhahabu. Wiliam alikata roho mapajani mwa dada yake, naye Aneth alilia kwa uchungu, akitamani risasi ile ingekuwa yake. Simu ikaita mfukoni mwa marehemu. Alikuwa mama yao.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Uko na kaka yako?"

"Ndiyo, mayu. Niko naye."

"Afadhali. Mwambie nimemwekea chakula."