Da Sauti Karudi

"Munira, hiyo sauti umeitoa wapi?"

Aliyeniuliza ni Hamisa wa Segerea, admini wa grupu letu la simulizi za mapenzi. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, tunajuana kwa simu tu, na sijawahi kumsikia akiongea chini chini namna ile. Nilikuwa saluni kwangu Tandale, mteja amekaa kwenye kigoda mbele yangu, kichwa chake nimekibana kwa magoti na simu nimeibana kwa bega.

"Sauti gani tena? Si yangu," nikamjibu.

"Fungua grupu uone watu wanavyosema."

Nikafuta mafuta mikononi, nikafungua. Jana yake nilikuwa nimetuma voisi yangu ya kwanza, nimesoma kipande cha simulizi moja tamu hiyo, wee acha tu. Nilitegemea makopakopa. Nikakuta hivi:

"Innalillahi. Huyu si Da Sauti?"

"Da Sauti karudi jamani, mwili wote umenisisimka."

"Admini acha utani na wafu. Hiyo rekodi ya marehemu umeitoa wapi?"

Mteja akaniuliza mbona nimepoa. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Ngoja nikwambie Da Sauti ni nani, maana bila hivyo hutanielewa. Mie ni msusi. Mikono yangu kutwa imo vichwani mwa watu, kitabu nitakishikia wapi? Na simulizi za mapenzi nazipenda kuliko pilau ya harusi. Tajiri aliyejifanya dereva wa bodaboda ili apendwe kwa moyo, nampenda. Mahasimu waliolazimishwa kuoana, mwezi wa kwanza hawasemezani, mwezi wa pili wanagombea shuka moja, nawapenda. Mama mkwe mwenye roho ya korosho naye nampenda, maana bila yeye simulizi haina chumvi. Mbele kutatokea nini najua, na bado machozi yananitoka. Wanaosema hizo hadithi zote ni zile zile, waache waseme. Hata ugali ni ule ule na kila siku tunasonga.

Aliyekuwa ananisomea yote hayo ni Da Sauti. Alisoma kwa voisi, grupu zima tunasikiliza, na saluni kwangu wateja walishamaliza kusukwa na kuondoka hawataki. Jina lake hakutaka kulisema. Siku moja simulizi ikakatikia katikati, na Hamisa akaandika kwamba Da Sauti amefariki. Tulilia saluni nzima, na hata sura yake hatukuwa tunaijua.

Mwaka uliofuata nikakutana na Anwar. Alikuwa fundi umeme wa Mwananyamala, alikuja kurekebisha soketi yangu iliyokuwa inatoa cheche. Kafiwa na mke, mpole, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. Mie ni mtalaka mwenye ulimi mrefu. Alinikuta sina mteja, namsomea jirani yangu simulizi kwa sauti. Akaweka bisibisi chini, akasikiliza mpaka mwisho. Mwanaume wa hivyo ulishamwona wapi? Mume wangu wa kwanza akinikuta na simulizi alikuwa ananituma nikakoshe vyombo. Huyu kila jioni akipita anasema, "Nisomee."

Na alikuwa ananielekeza. Polepole, usikimbie. Vuta pumzi kabla ya kutaja jina la msichana. Pale anapoachwa usilie, cheka kidogo. Nikawa nafuata, na yeye anafumba macho, mara nyingine anasinzia pale pale kwenye kiti cha wateja. Nilijiona nimeingia kwenye simulizi yangu mwenyewe. Nilijua nasoma vizuri kuliko zamani, nikadhani ni mapenzi yananipandisha daraja. Ni yeye aliyenitia moyo nirekodi. Posa ilishaletwa, na ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Nikarudi kwa Hamisa, bado alikuwa hewani.

"Hamisa, marehemu aliitwa nani?"

"Farida. Nilienda msibani. Kwa nini?"

"Na mumewe?"

"Fundi umeme mmoja, Mwananyamala huko. Anwar. Ngoja, Munira, wewe si ulisema mchumba wako..."

Nikakata simu.

Mteja alipoondoka nilifunga mlango, nikaicheza voisi ya marehemu, kisha yangu. Pumzi zile zile. Kicheko kile kile, mahali pale pale. Nikajisikia kama nimevaa kanga ya maiti na hakuna aliyeniambia.

Kwenye simulizi, hapa najua pa kwenda. Msichana anafungasha mabegi, mvua inanyesha, anakimbia, na mwanaume anamkimbilia akiita jina lake. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Nikabeba pochi yangu nikaenda Mwananyamala.

Nilimkuta Anwar kibarazani kwake anafungua feni ya mtu. Sikumsalimia. Nikaweka simu mezani, nikamchezea pumzi na kicheko tu cha voisi zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kumwambia kitu.

"Ipi ni mie?" nikamuuliza.

Aliinama. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Ya kwanza," akasema.

Ya kwanza ilikuwa ya Farida.

Alipoona uso wangu alijua kakosea, na hakujitetea. Akatoa simu kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nishaiona, kioo kimepasuka, nikidhani ni ya kazini. Akaniambia ni ya marehemu. Farida alikuwa anarekodi humo kwanza, ndipo anatuma kwenye grupu. Tangu amzike hajalala usiku mzima. Anasikiliza mpaka adhana ya alfajiri.

"Sasa kama unazo zake, mie wa nini?" nikamuuliza.

"Zake nimezisikiliza mpaka basi. Nazijua kwa moyo, najua wapi zinaisha." Hakuwa ananitazama. "Ukisoma wewe, anasoma mpya."

Nimesoma simulizi nyingi mie, za wachawi zimo. Hakuna neno lililowahi kuniingia baridi kama hilo.

"Anwar, unanioa mie, au unamwoa Farida mara ya pili?"

"Sijui, Munira. Ningejua ningekwambia."

Angenidanganya ningemwacha pale pale na feni yake. Hakunidanganya, na hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu nilikuwa nampenda. Niseme ukweli, nampenda kweli, si kwa ajili ya simulizi. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: kwenye nyumba ile nitakuwa mke, au nitakuwa redio ya marehemu? Nikarudi Tandale sijapata jibu. Nyumbani sikumwambia mtu, maana mama angefuta harusi na shangazi angetangaza mtaa mzima. Nikakaa na langu moyoni hadi Ijumaa.

Sasa, kwetu mahari anataja bibi harusi mwenyewe. Washenga walipokuja nilisema nitaitaja siku ya ndoa, na baba akakubali. Tena mtalaka hasemewi, lazima aridhie kwa mdomo wake. Basi Ijumaa baada ya sala ya alasiri wanaume wakakaa kwenye mikeka nje chini ya turubai, sie wanawake tumejaa ndani, udi unafuka. Mashangazi wakawa wanabishana nitaomba nini. Wengine walisema cherehani, wengine kabati la vyombo, na wacha Mungu wakaniombea niseme msahafu. Sheikh akaja na mashahidi wawili mpaka mlangoni, nyuma ya pazia.

"Munira binti Suleiman, umeridhia kuozeshwa kwa Anwar bin Salumu?"

"Nimeridhia, akitoa mahari yangu."

"Taja mahari yako, mwanangu."

"Simu."

Ndani wakapiga vigelegele. Shangazi akaninong'oneza nitaje kabisa aina, nisije nikaletewa ya kichina.

"Iliyo mfukoni kwake," nikasema. "Ya marehemu mkewe."

Vigelegele vikafa. Mama akanishika goti akaniuliza kama nina akili timamu. Sheikh akauliza nje hiyo simu ni mali ya nani. Nikamsikia Anwar akijibu kwamba kwenye mirathi mama wa marehemu alimwachia yeye. Sheikh akasema basi, ni mali na ina thamani, na mahari ni haki ya mwanamke. Bwana harusi ajibu.

Jibu lilichelewa. Sheikh alikwenda akarudi, akasema bwana harusi anaomba nitaje kingine, chochote, hata kiwanja chake cha Chanika. Nikasema sina kingine. Wanawake wakaanza kuguna, mmoja nikamsikia akisema huyu anamwonea wivu maiti. Kisha nikasikia miguu, na pazia likatikisika.

"Munira."

"Nakusikia."

"Utazifuta?"

"Ikishakuwa mahari yangu hutaniuliza."

Sheikh alikohoa, lakini hakumfukuza.

"Sura yake naanza kuisahau," Anwar akasema. Sauti ilikuwa inamkatika na watu wote wanasikia. "Nimebaki na sauti tu. Nikikupa hiyo, nimemaliza."

Hata mie huyo mwanamke nilimpenda, alinisomea dunia nzima nikiwa na mikono iliyojaa nywele za watu. Lakini nisingesema siku hiyo ningekaa kimya maisha yangu yote.

"Na yangu, Anwar? Yangu unaijua?"

Nje hata waliokuwa wanapakua pilau waliacha. Nilijua akigeuka sasa hivi akaenda zake, mtaa utanicheka mpaka nihame, na bado nisingejuta. Nilishaanza kuvua bangili moja.

Kando ya pazia ukapita mkono. Simu ilikuwa bado na joto la mfuko wake.

"Chukua," akasema. "Ni yako. Sikuulizi kitu."

Sheikh akaniuliza tena, nikaridhia. Wakaozesha.

Wageni walipoanza kula, nilijifungia chumbani na hedifoni. Nilipitia rekodi moja moja, mwanzo tu, na zote nilizijua. Isipokuwa ya mwisho kabisa. Hiyo haikuwahi kufika kwenye grupu. Farida anaanza kusoma vizuri tu, kisha mlango unagongwa, na mwanaume anaingia akimwigiza yule tajiri wa kwenye simulizi kwa sauti nzito, anamwomba mke wake penzi na sahani ya wali. Farida anamwambia toka, unaniharibia. Hatoki. Anaendelea kuigiza, anaimba, kitu kinaanguka, na wote wawili wanacheka mpaka pumzi zinawaishia. Yule mwanaume ana kicheko kikubwa, cha tumboni. Rekodi ikaishia hapo.

Nikakaa na simu mapajani. Siku zote zile nilikuwa namwonea wivu mwanamke. Kumbe kuna mtu mwingine sijawahi hata kumwona, na ndiye niliyetoka kuolewa naye.

Wakamleta Anwar anishike mkono, kama ilivyo ada. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasoma dua. Wanawake wakasogea mlangoni kutupa nafasi, ingawa masikio waliyaacha ndani. Akaiona simu.

"Umezifuta?"

"Sijafuta hata moja. Jumatatu naipeleka kwa mama yake. Mzazi hajasikia sauti ya mwanawe tangu amzike."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, machozi yakamshuka kwenye kanzu mpya. Hakuomba niibakize.

"Hii ya mwisho uliisikia?" nikamuuliza.

"Sikuweza. Nilijua nikiisikiliza hiyo, hakuna nyingine."

Nikampa hedifoni. Nilimtazama usoni muda wote. Mwanzo alifumba macho kama anavyofanya nikimsomea, kisha akayafumbua, akakunja uso, kama mtu anayesikia watu wanabishana nyumba ya jirani. Ilipoisha akazitoa masikioni polepole.

"Huyo mwanaume ni nani?"

Hakuwa anatania. Wallahi, hakuwa anatania.

"Ni wewe, Anwar."

"Hapana." Akainama kutazama mikono yake. "Mie siwezi kucheka hivyo. Huyo alikufa naye."

"Basi huyo ndiye niliyemridhia leo mbele ya Sheikh," nikamwambia. "Ukimwona, mwambie mkewe yupo, anamsubiri."

Alinishika mkono, na walipokuja kumwita akale na wenzake, hakuuachia.