Pango Lisilo na Harufu

Tik. Gizani, kutoka jikoni, kando ya chupa ya chai, kisikio kinachopokea milio ya mikufu ya wanyama kililia. Zawena alikuwa amelala bado, akihesabu milio: sita. Kanu majike wote sita, wanyama wadogo wenye madoa wa msitu wa mlimani, walikuwa wamerudi mapangoni kabla hakujapambazuka. Alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Huu ulikuwa msimu wa tatu, na hakijazaliwa hata kitoto kimoja.

Mapango-mlezi aliyabuni yeye mwenyewe. Yalikuwa na joto la kadiri, chatu hakuweza kupenya, na kila jioni kanu walipotoka kuwinda, mvuke uliosha kuta na kizingiti hadi vikang'aa. Majike waliyajaribu siku chache tu, wakaihama miti yenye mashimo. Zawena hakushangaa. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku nne, kwa uchafu wa wodi, na siku ile aliapa kwamba akipata uwezo, hakuna kichanga kitakachozaliwa penye uchafu.

Asubuhi alipanda mlimani na binti yake, Sikudhani, wa miaka mitano. Shemdoe, mlinzi wa msitu, alikuwa amechuchumaa nje ya pango la nne, mkononi ana picha zilizonaswa na jicho la mti, kamera iliyofungwa shinani.

"Mama Siku, njoo uone. Huyu ndiye dume, mwezi jana. Kapita hatua mbili kutoka mlangoni. Hakusimama."

"Labda hakumtaka."

"Dume wa kanu? Hayo ndiyo mnayofundishwa kwenye madarasa yenu ya jioni ya wanyamapori?" Alicheka kidogo, akaacha. "Kanu hatafuti mke kwa macho. Jike hupaka harufu yake mlangoni, dume akiinusa anajua yumo, tena yuko tayari. Kwenye miti ile harufu ilikaa wiki nzima. Wewe unaiosha kila jioni."

Zawena aliketi palepale kwenye majani yenye umande. Miaka mitatu wanyama wale walikuwa wakiita, na yeye ndiye aliyewaziba midomo.

"Nauzima mvuke," alisema.

"Uzime. Ila dume tulibakiwa na huyo mmoja, na mkufu wake wa redio una siku kumi na tisa haujatoa mlio."

"Umemtafuta?"

"Bonde zima. Sikuona mzoga, wala sikumwona yeye. Usiniombe ahadi, mama."

Zawena alibonyeza swichi ya mvuke. Mvumo mdogo wa mashine, aliokuwa ameuzoea hata hausikii tena, ulikatika.

Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi akichungulia kwenye kidirisha cha pango. Mle ndani jike mzee aliamka, akajikokota hadi mlangoni, akasimama kwa mikono, miguu ya nyuma juu, akausugua ukuta polepole kwa makalio. Palibaki alama ya mafuta, ndogo kama kidole. Zawena aliinama nyuma ya binti yake, akaitazama.

Mtoto, ambaye nyumbani hagusi kijiko kabla hajanawa, aligeuka amekunja uso.

"Mama, amechafua ukuta."