Aliyepokea Simu ya Chuo

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu za chuo, studio ya picha iliyo nyuma ya soko ilijaa vijana mpaka mlangoni. Wengine waligombea kioo kimoja chenye ufa, wengine waliazimana shati jeupe, huyu anavua huyu anavaa. Katikati yao akaingia mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mrefu, buti nyeupe za mpira miguuni, aproni kaikunja kwapani, ananukia sabuni ya kipande. Vijana wakamwamkia kwa adabu na kumpisha, maana walimdhania baba wa mwenzao.

Mpiga picha naye alidhani hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, gauni la kijani limemkaa vizuri kiunoni, penseli kaichomeka kwenye nywele, na tangu asubuhi alikuwa hajaketi.

"Karibu kaka. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa kupigwa picha."

"Ni mimi."

"Ya kitambulisho?"

"Ya chuo." Aliteremsha sauti kama mtu anayeungama. "Naomba kusomea udaktari wa mifugo."

Mpiga picha alitazama zile buti, akaitazama ile aproni yenye madoa yasiyotoka. "Na kazi yako ya sasa?"

"Nina bucha. Ile ya kona."

Studio nzima iliangua kicheko. Mpiga picha peke yake hakucheka, na mambo yao yalianzia hapo, ingawa siku ile ungewaambia wangekuona mzushi.

"Miaka yote umewakatakata, leo unataka kuwatibu?"

"Mimi huwaona wakiwa wamekwisha kufa, dada. Nataka na mimi niwaone wakiwa wanapumua."

Alimvika koti la studio, lililokwisha kuvaliwa na nusu ya mtaa, likamkaa mabegani kama lake. "Usitabasamu, Daktari. Chuo hakitaki meno."

"Sitabasamu. Ndivyo uso wangu ulivyo."

Picha zilipokauka alizigonga mhuri kwa nyuma, jina la studio na nambari ya simu, kama alivyofanya kwa kila picha iliyotoka pale. Alikuwa akisema hayo ndiyo matangazo yake ya bure. Tangazo la siku ile lilifanya kazi upesi, kwani kabla jua halijazama simu ikalia.

"Studio, karibu."

"Nilitaka kujua kama picha yangu imetoka vizuri."

"Si unayo mwenyewe?"

"Ninayo."

"Basi itazame."

"Nilitaka kusikia kwa mtaalamu."

Mtaalamu alicheka mpaka mteja aliyekuwa mbele ya kamera akafumba macho, picha ikaharibika.

Wakazoeana. Bucha, kama mtaa ulivyomwita, alimletea maini yaliyofungwa vizuri, akisema amekonda. Mpiga picha akamfundisha kunyoosha kola ya shati. Bucha naye alimwonyesha siri yake: daftari saba, moja kwa kila mwaka. Tangu mkaguzi wa nyama amwambie kwamba ana jicho la kuona ugonjwa, kila mnyama aliyemfungua alimwandika: ini lenye minyoo, pafu lenye usaha, ametoka mnada gani, mwezi gani. Shuleni aliachia kidato cha nne. Mtihani wa watu wazima alikuwa ameufaulu kwa alama za chupuchupu. Silaha yake ilikuwa daftari hizo. Nakala zake alikuwa ameziambatanisha na fomu.

"Wanachukua watu wazima wangapi?" mpiga picha aliuliza.

"Watatu."

"Na chuo kiko mbali?"

"Safari ya siku nzima. Miaka mitano."

Alisema "miaka mitano" akiangalia pembeni. Mpiga picha naye akaanza kupangusa lenzi iliyokuwa safi.

Wiki zikapita, majibu hakuna. Wale vijana wa studio walipata yao mmoja mmoja, wakapita mbele ya bucha wakiimba. Bucha aliiweka simu ndani ya mfuko wa plastiki, aibonyeze kwa kiwiko mikono ikiwa na damu. Alimkatia mteja mmoja kilo mbili za mifupa badala ya steki. Dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye kaunta, akamwambia kama ni roho kumtoka imtoke nje, si juu ya nyama ya watu.

"Daktari, wamejibu?" mpiga picha alipiga kila mchana.

"Bado, mpenzi."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshindo wenyewe usije ukawa wa mlango kufungwa."

Asichokijua ni kwamba chuo kilikuwa kinamtafuta. Kilipiga asubuhi, na kila asubuhi Bucha alikuwa ndani ya chumba cha baridi akitundika nyama, mahali ambapo simu haishiki mtandao hata kidogo. Siku ya tatu karani wa chuo aliigeuza picha iliyobandikwa kwa pini, akaona mhuri, akaipigia studio.

"Namtafuta mwombaji wetu, mwenye bucha," sauti ya mama mmoja ilisema. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi... kwa nini?"

"Ujumbe wetu tunamwachia mtu wa karibu tu, mwanangu. Kama si wa karibu nitamweka kando, nimpigie anayefuata."

Mpiga picha akapiga hesabu haraka. Angesema yeye ni studio, simu ingekatwa.

"Ni mke wake," alisema.

"Haya. Aje Alhamisi saa tatu asubuhi kwenye mahojiano, na daftari zenyewe, si nakala. Na wewe, mama, umekubali? Wa umri wake wengi hurudi nyumbani mwaka wa kwanza."

"Nimekubali."

Alitoka mbio na mkasi mkononi mpaka kwenye bucha. Alimwambia siku, saa na daftari. Lile neno moja alilimeza, kwa haya.

Alhamisi Bucha aliketi mbele ya watu watatu, amevaa shati la samawati alilonyooshewa na mpiga picha. Daftari ziliwavutia, wakawa wanapokonyana. Kisha yule mama wa simu, aliyekuwa mmoja wao, akatabasamu.

"Na vizuri mkeo amekubali."

"Mimi sina mke."

Mmoja wao akaifungua fomu: hajaoa. "Basi aliyepokea simu ni nani wako?"

Bucha, aliyetoka kutaja magonjwa kumi na moja ya ini bila kukwama, akaanza kunyoosha kola yake. Walifunga daftari, wakamshukuru, wakamwambia asubiri.

Kesho yake aliingia studio bila salamu.

"Umeniaibisha. Nimeonekana mwongo mbele ya watu wazima."

"Waliniuliza mimi ni nani wako. Ningesema nini? Mteja?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli ni upi? Nitajie wewe, nami nitausema."

Bucha aliinama akaangalia viatu vyake. Mpiga picha akafungua mlango na kusema ana wateja. Nje hapakuwa na mteja hata mmoja.

Siku kumi na moja hawakupigiana. Mpiga picha alilia mara mbili, zote kwenye chumba cha giza ambako hakuna wa kumwuliza. Bucha hakulia, ila chakula kilimshinda. Dada yake alipokisikia kisa chote aliweka kisu chini.

"Mwanamke kakubali kukungoja miaka mitano, kamwambia mtu asiyemjua hata sura, wewe unalilia aibu? Hiyo daftari ya maini ungeongeza na ukurasa wa ubongo wako."

Ujumbe uliingia Jumatano saa tano. Bucha aliubonyeza kwa kiwiko. Umechaguliwa. Akausoma tena, akaketi juu ya gogo la kukatia nyama. Dada yake alipiga kigelegele, wateja wakadhani nyama imeshuka bei.

Lakini ujumbe ulikuwa na sehemu ya pili, na hiyo ndiyo iliyomwinua. Aliacha nyama kwenye mizani, akaandika maneno machache kwenye karatasi, akavuka barabara na aproni yake, buti zikipiga kelele, mpaka studio.

Mpiga picha alimwona usoni. "Wamekukubali?"

"Wamenikubali."

Akaruka, akamkumbatia na aproni yake yenye damu, gauni la kijani likaharibika. Halafu akakumbuka kuwa wamenuniana, akarudi nyuma hatua mbili. "Hongera, Daktari. Safari njema."

"Bado. Wanataka maelezo kwa maandishi kabla sijasajiliwa." Akatoa karatasi iliyokunjwa. "Niandike yule aliyepokea simu ni nani wangu. Siku ile ulinitaka niutaje ukweli, nikaogopa. Nilijiona sina haki ya kukufunga miaka mitano. Soma."

Maandishi yalikuwa ya penseli, makubwa, kama ya mtoto: *Aliyepokea simu ni mke wangu. Hakudanganya. Aliwahi tu.*

Mpiga picha alisoma, akafuta macho kwa mkono, akajipaka damu shavuni bila kujua.

"Miaka mitano," alisema.

"Mitano. Na likizo zote ni zako."

"Mama yangu hujamwuliza."

"Karatasi inatakiwa Ijumaa."

Aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mtu wake kuanzia kichwani mpaka kwenye buti.

"Saa kumi mama atakuwa nyumbani," alisema. "Kaoge."